Mtoto anapiga mswaki, kinywa kisafi, lakini meno yanalegea: bakteria na vinasaba kwenye fizi za watoto

#1 Mkwangua Ugaga (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wale wa zamu ya usiku pia.

Juzi humu kulikuwa na uzi wa binti wa miaka 13. Meno mawili ya mbele yanacheza, gego la chini linauma akitafuna. Wachangiaji wakamshukia mama yake: mara hamsimamii mtoto, mara pipi zimezidi, mara mswaki umechakaa. Mimi nikaiangalia vizuri ile picha. Meno meupe. Fizi rangi yake ya kawaida. Ugaga wa kutafuta kwa tochi. Sasa huo uchafu mliokuwa mnauona nyinyi uko wapi?

Kazi yangu ni meno, na nimeona nifungue uzi kabisa kuliko kubishana kule. Ninachotaka kusema ni hiki: mtoto ambaye mfupa unaoshika meno unaliwa huku kinywa chake kikionekana kisafi, hatibiwi kwa kumsema mama yake. Hapo kuna bakteria wa aina yake, au chembe nyeupe za damu zisizotimiza kazi, na mara nyingi mawili hayo yamekutana.

Kwanza tuliondoe njiani lile la kawaida. Watoto wengi ambao fizi zao zinatoka damu wakipiga mswaki wana gingivitisi tu. Utando laini umekaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, ufizi umevimba na kuwa mwekundu. Mfupa haujaguswa. Ukisafishwa na mswaki ukafika pale mpakani kila siku, inatulia ndani ya wiki moja au mbili. Umri wa kubalehe hali huzidi kwa sababu ya homoni, na jino jipya linapochomoza ufizi wake huvimba kidogo. Hayo hayana haja ya kutishana.

Ninayoizungumzia ni periodontitisi inayowapata watoto na vijana. Hii inashuka chini ya ufizi, inakula nyuzi zinazolishikilia jino, kisha mfupa wenyewe. Vitabu vya zamani viliiita periodontitisi ya vijana, mwaka 1999 ikabatizwa periodontitisi ya kasi, na tangu uainishaji mpya uliochapishwa 2018 jina hilo nalo limewekwa kando. Siku hizi inaandikwa hatua, kasi, na kama imeshika magego ya kwanza na meno ya mbele. Msihangaike na majina. Shikeni hiyo sura ya mwisho: magego ya kwanza na meno ya mbele. Gego la kwanza la kudumu ni lile linalotoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila kung'oa jino lolote. Kwenye picha ya eksirei unakuta mfupa umechimbika kwenda chini kando ya gego hilo, kulia na kushoto karibu sawasawa, huku meno ya katikati yakiwa hayana shida.

Nitaendelea na bakteria. Ulizeni tu wakati naandika.

#2 Jogoo la Shamba

Mkuu wewe unatetea uzembe. Babu zetu walitumia mswaki wa mti na mkaa, na wamezikwa na meno yao yote. Watoto wa siku hizi biskuti asubuhi, soda mchana. Hakuna cha vinasaba wala nini.

#3 Mkwangua Ugaga

@Jogoo la Shamba mkuu, sukari inatoboa meno, na hapo tuko pamoja. Lakini kutoboka kwa jino na kuliwa kwa mfupa ni magonjwa mawili, na bakteria wake ni tofauti. Nimeona watoto wenye matundu kila jino na mfupa wao mzima kabisa. Na hao babu waliobaki na meno ndio tuliowaona wakizeeka. Waliopoteza meno wakiwa na miaka 20 hakuna aliyekuja kutusimulia.

#4 Mkwangua Ugaga

BAKTERIA.

Kinywani kuna mamia ya aina za bakteria na wengi wao tunaishi nao kwa amani. Kwenye ugonjwa huu wa vijana kuna mmoja ambaye jina lake linajitokeza kila mara: *Aggregatibacter actinomycetemcomitans*. Nitamwita A.a., maana jina lenyewe linavunja ulimi hata chuoni. Alielezwa mara ya kwanza na Klinger mwaka 1912, akiwa ameambatana na vimelea vingine kwenye majipu. Zamani aliwekwa kwenye kundi la *Actinobacillus*, mwaka 2006 akahamishiwa kundi alilomo sasa.

Silaha yake ni sumu iitwayo lukotoksini. Inashika chembe nyeupe za damu na kuzitoboa zikafa. Karibu A.a. wote wanayo jeni ya sumu hiyo, lakini wengi hutengeneza kidogo. Kuna ukoo mmoja, unaitwa JP2, ambao umepoteza kipande cha herufi 530 za DNA kwenye sehemu inayodhibiti utengenezaji wa sumu. Breki ikatoka. Ukoo huo humwaga sumu mara 10 hadi 20 zaidi ya ndugu zake.

Waliofuatilia mambo ya koo hizi wanakadiria kwamba JP2 ilizuka Afrika Kaskazini zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ikaenea Afrika Magharibi, na kutoka huko ikavuka bahari ndani ya vinywa vya watu waliouzwa utumwani Amerika. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilikuwa inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya pande hizo, Moroko, Ghana, na Wamarekani weusi. Bakteria anaweza kubeba historia ya safari ambayo wenyewe hawakuiandika.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Rabat, Moroko, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2008. Walichukua vijana wa shule ambao mfupa wao ulikuwa mzima, wakapima nani anaye A.a. na wa aina gani, wakasubiri miaka miwili. Vijana 428 walirudi kupimwa. Waliokuwa na JP2 peke yake hatari yao ya kupata ugonjwa ilikuwa mara 18 ya wale wasiokuwa na A.a. kabisa. Waliokuwa na A.a. wa kawaida, mara 3. Uzuri wa utafiti wa namna hii ni kwamba bakteria alionekana kwanza, ugonjwa ukafuata. Tafiti nyingi za nyuma ziliwapima watu wakiwa tayari wagonjwa, na huwezi kujua kama bakteria ndiye aliyechimba shimo au alilikuta shimo akahamia.

Kuhusu kwa nini magego ya kwanza na meno ya mbele: hayo ndiyo meno ya kudumu yanayotoka mapema kuliko mengine. Maelezo yanayotolewa ni kwamba bakteria huanza nayo, kisha mwili unajifunza na kutengeneza kinga, meno yanayofuata yanakuta ulinzi umeshawekwa. Mimi maelezo haya nayapenda ila hayanimalizi kiu, kwa sababu wapo watoto ambao ugonjwa unasambaa mdomo mzima, na wapo ambao ulianzia kwenye magego ya utoto.

#5 Msomaji Kimya

Asante kwa elimu mkuu. Swali: huyo A.a. anatoka wapi mpaka kwa mtoto? Anazaliwa naye?

#6 Mkwangua Ugaga

@Msomaji Kimya hazaliwi naye. Anapita kwa mate, na mara nyingi chanzo ni watu wa nyumbani. Wakipima familia, mara nyingi wanakuta mtoto na mzazi wana A.a. wa ukoo uleule. Kwa hiyo kumtafunia mtoto chakula, kulamba kijiko ili kupoza uji, mswaki mmoja wa ndugu wawili, hizo zote ni njia. Lakini sisemi mzazi aache kumbusu mwanawe. Ninachosema ni kwamba mama au baba mwenye fizi zinazotoka usaha atibiwe na yeye, maana kumsafisha mtoto peke yake kisha kumrudisha kwenye mate yaleyale ni kazi ya bure.

Na kubeba bakteria si kuugua. Hata kule Rabat si kila aliyekuwa na JP2 aliugua. Hapo ndipo vinasaba vinapoingia.

#7 Nyundo ya Mbeya

Nauliza nje ya mada kidogo. Dada yangu ana kichanga cha miezi saba, kinaharisha na homa, fizi zimevimba pembeni. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki yang'olewe na mzee mmoja hapo mtaani. Daktari unasemaje?

#8 Mkwangua Ugaga

@Nyundo ya Mbeya ACHENI KABISA. Mwambie dada yako leo hii, usisubiri kesho.

Hakuna jino la plastiki. Ule uvimbe mweupe pembeni ni chonge ya utoto ambayo bado iko ndani ya ufizi, mahali pake halali. Imani hii ilishika kasi Tanzania miaka ya 1980, na Uganda wanayo yao. Yule mzee akipasua anatoa kijusi cha jino la utoto, na mara nyingi anaharibu chonge ya kudumu iliyo chini yake. Kuna watoto waliokufa kwa kuvuja damu, kwa maambukizi na kwa pepopunda. Kichanga kinachoharisha na kuwa na homa kinataka maji ya ORS ya kuongeza maji mwilini na kituo cha afya, upesi. Fizi zake ziacheni.

#9 Nyundo ya Mbeya

Nimempigia sasa hivi. Anaenda kituo cha afya na mumewe. Mama mkwe amenuna lakini basi.

#10 Mkwangua Ugaga

Anune tu, ataufurahia mjukuu baadaye.

VINASABA.

Nianze na ile hali ya mtu wa kawaida. Kuna utafiti wa mapacha wa Marekani, wa mwaka 2000, jozi 117, wengine wa yai moja na wengine wa mayai mawili. Wakakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za ugonjwa kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi. Hao walikuwa watu wazima, msiyahamishe matokeo kwa watoto kama yalivyo. Kwenye ugonjwa wa vijana kuna jeni kadhaa zilizohusishwa, mfano GLT6D1 iliyotajwa 2010, lakini kila moja inaongeza hatari kidogo tu. Hakuna kipimo cha damu cha kukwambia mwanao ataugua mwaka kesho. Anayewauzia kipimo hicho mtandaoni anawauzia hewa.

Kinachonivutia zaidi ni magonjwa adimu ambayo jeni MOJA ikiharibika fizi za mtoto zinaporomoka. Ni adimu kweli, wengi wenu hamtakutana nayo. Lakini ndiyo yaliyotufundisha fizi zinalindwa na nini.

La kwanza ni upungufu wa kunata wa chembe nyeupe, aina ya 1. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa nyutrofili husafiri kwenye mishipa. Ili zitoke kwenye mshipa na kuingia kwenye ufizi lazima zinate kwenye ukuta wa mshipa, na zinatumia protini iitwayo CD18. Mtoto aliyezaliwa na jeni ya ITGB2 iliyoharibika hana CD18 ya kutosha. Kitovu chake kinachelewa kudondoka, wiki kadhaa. Vidonda vyake havitoi usaha. Ukipima damu, chembe nyeupe zimejaa tele, lakini zinazunguka humo humo kwenye mishipa kama daladala zisizo na kituo cha kushusha. Na meno yake ya utoto yanalegea mara yanapotoka.

Sasa sikilizeni hapa. Ile sumu ya A.a., ile lukotoksini, inashika chembe nyeupe kupitia molekuli gani? LFA-1. Na LFA-1 imeundwa na sehemu mbili, moja wapo ni hiyo hiyo CD18! Bakteria ameshambulia mahali palepale ambapo kwa mtoto mwingine vinasaba vilikosea. Mmoja amekosa molekuli tangu kuzaliwa, mwingine anayo lakini adui anaitumia kumwulia chembe zake. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza niliacha kuandika "usafi hafifu" kwenye faili la kila mtoto mwenye jino linalocheza.

Na halijaishia hapo. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, kikundi cha Niki Moutsopoulos, walionyesha kwamba kwa watoto hawa mfupa haukuwa unaliwa na bakteria waliovamia nyama ya ufizi. Nyutrofili zisipofika, ile ishara ya kuzima uvimbe nayo haifiki, na mwili unaendelea kumwaga kemikali ya uvimbe iitwayo IL-17 bila kikomo. Mwaka 2017 wakaeleza mgonjwa waliyempa dawa inayozuia njia hiyo, ustekinumabu, na uvimbe wa fizi zake ukatulia. Kwa hiyo kinga ikipungua mahali pamoja inaweza kuzidi mahali pengine, na mfupa ndio unaolipa.

#11 Fundi Maabara

Safi sana daktari. Naomba niongezee kutoka upande wetu wa maabara.

Mtoto aliyedondosha jino la utoto kabla ya miaka 5, hakuanguka wala kugongwa, mwombeni daktari aandike kipimo cha ALP, alkalini fosfatasi, kimeng'enya kinachosaidia kujenga mifupa. Kipo kwenye vipimo vya ini vya kawaida kabisa, maabara nyingi wanakifanya. Ila angalizo: mtoto anayekua ana ALP ya juu kuliko mtu mzima kwa sababu mifupa yake inajengwa. Karatasi nyingi zinachapwa na viwango vya watu wazima. Mtoto akiwa na kiwango ambacho kwa mtu mzima ni sawa, kwake kinaweza kuwa cha CHINI, na hakuna nyota nyekundu itakayotokea kwenye karatasi. Tumezoea kushtuka ALP ikipanda, ikishuka hakuna anayeangalia.

#12 Mkwangua Ugaga

@Fundi Maabara umenipokonya mdomoni, na umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi.

ALP ikiwa chini hivyo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa haipofosfatasia: jeni ya ALPL, inayotengeneza hiyo ALP, imeharibika. Hapa fizi zenyewe mara nyingi si nyekundu wala hazivuji. Tatizo ni kwamba tabaka linalounganisha mzizi na mfupa halikujengwa sawasawa, jino linakosa cha kushikia. Dalili yake mzazi anaweza kuiona mwenyewe. Jino la utoto likidondoka kwa wakati wake, mzizi unakuwa umeshayeyuka na unabaki na kofia tu mkononi. Kwenye ugonjwa huu jino linadondoka na mzizi wake mzima, mrefu. Msilitupe juu ya bati jamani. Lifungeni kwenye karatasi mje nalo.

Na msijipe vidonge vya vitamini D na kalsiamu kwa kudhani ni mifupa laini tu, kwa ugonjwa huu vinaweza kuongeza kalsiamu kwenye damu kupita kiasi. Tiba ya kurudisha kimeng'enya ipo tangu 2015, ni ghali mno, lakini kujua jina la ugonjwa kunamwepusha mtoto na tiba potofu.

#13 Mama Ilham

Assalam alaykum. Mimi niko Mombasa. Nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Tangu ana mwaka mmoja viganja na nyayo zake ni ngumu, zinapasuka, zamchoma akitembea. Daktari wa ngozi akampa mafuta. Sasa meno yake ya mbele yamedondoka manne, fizi zimevimba zatoa harufu, watu wasema simwoshi kinywa. Wallahi namwosha. Je, mambo haya mawili yanahusiana?

#14 Mkwangua Ugaga

@Mama Ilham waalaykum salaam dada yangu. Pole sana. Siwezi kumpima mtu kwa maandishi, lakini ndiyo, ngozi ngumu ya viganja na nyayo pamoja na fizi za namna hiyo ni mambo yanayohusiana, na yana jina: sindromu ya Papillon–Lefèvre. Madaktari wawili Wafaransa waliielezea mwaka 1924.

Jeni inayohusika inaitwa CTSC, iko kwenye kromosomu ya 11, na iligunduliwa mwaka 1999. Inatengeneza kathepsini C, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuviamsha vimeng'enya vingine ndani ya nyutrofili, vile vinavyoua bakteria. Kisipokuwepo, nyutrofili zinafika kwenye ufizi lakini mikono mitupu. Meno ya utoto hudondoka mpaka karibu miaka 4 au 5, kisha fizi zinatulia kabisa, unaweza kudhani amepona. Meno ya kudumu yakitoka mambo yanaanza upya. Bila matibabu, wengi wanabaki bila meno kwenye umri wa miaka 15 hivi.

Sasa jambo la kukupa moyo, na hapa ndipo jeni na bakteria wanapokutana tena. A.a. hukutwa mara nyingi kwenye vinywa vya watoto hawa. Na waliofanikiwa kubaki na meno yao ya kudumu kwa miaka mingi ni wale ambao A.a. aliondolewa kabisa: meno ya utoto yaliyoathirika yanang'olewa MAPEMA kabla ya yale ya kudumu kutoka, wanapewa antibaiotiki, na baada ya hapo wanasafishwa chini ya ufizi mara kwa mara bila kuchoka. Jeni huwezi kuibadilisha, bakteria unaweza kumfukuza. Mwanao bado yuko kwenye umri ambao hilo linawezekana, kwa hiyo usingoje.

Nenda hospitali kubwa ya rufaa. Mwambie daktari wa meno habari za ngozi, na wa ngozi habari za meno, kwenye sentensi moja. Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba kila daktari anaona nusu yake. Mtoto akipata homa isiyoeleweka na maumivu ya tumbo upande wa kulia juu, sema pia, maana wengine hupata majipu ya ini.

#15 Mama Ilham

Allah akulipe. Na swali la mwisho, nalisema hapa kwa kuwa hakuna anijuaye. Baba yake ni mtoto wa ami yangu. Je, ni sisi?

#16 Ustadh wa Chuda

Kabla daktari hajajibu. Ndoa ya mtoto wa ami ni halali, isije ikawa tunaharamisha kilichohalalishwa kwa kisingizio cha sayansi. Naomba hekima.

#17 Mkwangua Ugaga

@Ustadh wa Chuda shehe wangu, sina mamlaka ya kuharamisha chochote, na sina nia hiyo.

@Mama Ilham hakuna mwenye kosa. Ugonjwa huu unataka nakala mbili mbovu za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja ni mzima, hajui na hakuna wa kumwambia. Ndugu wanashirikiana babu na bibi, kwa hiyo uwezekano wa wote wawili kubeba nakala ileile unakuwa mkubwa kuliko kwa watu baki. Hata wale watoto wawili wa kwanza walioelezwa 1924, kaka na dada, wazazi wao walikuwa binamu, na hao walikuwa Wafaransa. Kwa jumla ugonjwa unapata mtu 1 hadi 4 katika kila milioni. Ndoa nyingi mno za binamu zina watoto wenye meno kamili.

Kama itathibitika kwa mwanao, basi kila mimba kati yako na mumeo ina uwezekano wa asilimia 25. Si kwamba mmoja ameshapata basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba inahesabiwa upya. Mkijaliwa mwingine, mwangalieni viganja na nyayo mapema na mletwe kliniki kabla meno hayajalegea.

#18 Ustadh wa Chuda

Hapo sina neno. Mama Ilham, Mwenyezi Mungu amjaalie kijana wako shifaa. Ukitaka msaada wa nauli niandikie pembeni.

#19 Jogoo la Shamba

Sawa, nimeanza kukuelewa. Lakini twende kwenye dawa. Taja dawa na dozi watu wakanunue, acha kuzunguka.

#20 Mkwangua Ugaga

@Jogoo la Shamba dozi sitaji, utanisamehe.

Kwa vijana wenye periodontitisi hii, msingi ni kukwangua chini ya ufizi, kwa ganzi, mpaka mzizi uwe safi. Tangu watafiti wa Uholanzi waliporipoti mwaka 1989, wengi huongeza amoksilini na metronidazoli kwa pamoja, maana A.a. hujificha na kukwangua peke yake kunamwacha. Lakini vidonge BILA kukwangua vinaishia juu ya utando, waliomo ndani hawaguswi, na unakuwa umewafundisha usugu bure. Halafu mtoto wa chini ya miaka 8 hapewi antibaiotiki ya tetrasaiklini kiholela, inamwachia madoa ya kahawia kwenye meno maisha yake yote.

Karafuu na maji ya chumvi hupoza maumivu. Mfupa hayarudishi.

Niongeze wanaofanana na ugonjwa huu ili msichanganye. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye homa, fizi nyekundu zilizovimba na vidonda vidogo mdomo mzima kwa ghafla, mara nyingi ni virusi vya hepesi kwa mara ya kwanza. Siku 10 hadi 14 inaisha, kazi yenu ni maji na kupoza homa. Mtoto wa kifafa anayetumia fenitoini, fizi zikinenepa ni dawa, rudini kwa aliyeiandika, msiikatishe wenyewe. Fizi zilizovimba na kuvuja kwa mtoto aliyepauka, mwenye alama za kuvilia damu na homa za kurudi rudi: picha kamili ya damu SIKU HIYO HIYO, inaweza kuwa saratani ya damu. Vidonda vya mdomo na homa vinavyorudi kila baada ya wiki tatu hivi, kuna ugonjwa wa nyutrofili kupungua kwa mzunguko wa siku 21, andikeni tarehe kwenye daftari. Na mtoto aliyedhoofu, ametoka kwenye surua au utapiamlo, ufizi unaoza kwa harufu kali na shavu linavimba: hiyo ni noma, kimbieni hospitali usiku huo huo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023.

#21 Msomaji Kimya

Binti wa mdogo wangu ana Down. Ana miaka tisa, fizi zinatoka damu sana na mama yake amekata tamaa kwa sababu mswaki ni vita kila siku. Yeye anaingia kundi gani?

#22 Mkwangua Ugaga

@Msomaji Kimya huyo ana kromosomu ya 21 ya ziada, na nyutrofili za watoto wenye Down mara nyingi haziendi wala kuua bakteria kama za wenzao. Ugonjwa wa fizi huwaanza mapema na huenda kasi, hata utando ukiwa uleule wa mtoto mwingine. Kwa hiyo mama yake asipimwe kwa kipimo cha jirani.

Mswaki wenye kichwa kidogo na nywele laini. Mama asimame nyuma ya mtoto, kichwa cha mtoto kikiegemea kifuani kwake, aanzie magego ya nyuma wakati mtoto bado ana subira, meno ya mbele yaje mwisho. Siku akikataa kabisa, kitambaa safi kilichoviringishwa kidoleni kinapitishwa kwenye mpaka wa ufizi. Kliniki asisubiri miezi sita kama wengine, kila miezi mitatu, na apimwe kina cha fizi kwa kifimbo chenye alama za milimita kuzunguka gego la kwanza na meno ya mbele. Milimita 1 mpaka 3 ni sawa. Ikifika 4 na kuendelea, aombewe eksirei. Na kwa kuwa wengi wao wana tatizo la moyo la kuzaliwa, mama amtajie daktari habari za moyo kabla chombo chochote hakijaingia kinywani, maana huenda akahitaji antibaiotiki kwanza.